Wazimamoto Walinyonya Damu ya Nani?

Nairobi ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa na hofu yake ya usiku: wazimamoto. Kazi yao, watu walisema, haikuwa kuzima moto. Ati walikuwa wakikamata watu gizani, wanawatia garini, wanawafyonza damu. Wanawake wa Pumwani, hasa walioishi peke yao, walionyana. Pwani na Tanganyika wanyonya damu hao waliitwa mumiani. Mwaka 1959, mtaani Buguruni, Dar es Salaam, hofu hiyo ilizua ghasia na polisi mmoja akauawa.

Rahisi kucheka, si ndio? Mwanahistoria Luise White hakucheka. Alizunguka Afrika Mashariki na Kati akisikiliza masimulizi hayo, na mwaka 2000 akachapisha kitabu kuyahusu, Speaking with Vampires. Hakuishia kuuliza kama ni kweli. Aliuliza pia: kwa nini watu wenye akili timamu waliona hadithi hii inaingia akilini?

Hebu tuangalie maisha yenyewe. Madaktari wa serikali walikuwa wakichukua damu kupima malale na magonjwa mengine, mara nyingi bila kumweleza mtu inakwenda wapi. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimika kubeba kipande, na asiye nacho alikamatwa. Magari ya serikali yalikuja bila taarifa na kuondoka na watu. Hakuna aliyenyonywa damu na kikosi cha zimamoto. Lakini serikali iliyochukua miili ya watu bila kuwaomba ruhusa ilikuwepo kweli. Uvumi ule ulikuwa swali la haki, ila liliulizwa vibaya.

Sasa ruka hadi Desemba 2007. Matokeo ya uchaguzi wa urais yametangazwa, watu wanayapinga, na tarehe 30 serikali inapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na televisheni zikifungwa mdomo, nani anabaki kuongea? SMS. Jumbe zilipita simu hadi simu: kabila fulani linajipanga, mtaa fulani utachomwa leo usiku. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu vifo 1,133. Hatuwezi kusema SMS ndizo zilizoua, lakini kuna walioshika panga wakiamini kwamba wanawahi kabla hawajawahiwa.

Katikati ya moto huo, Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake waliunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni ambapo yeyote aliyeshuhudia jambo angeweza kuripoti. Jina lenyewe lilikuwa somo. Ripoti ilihitaji mahali na wakati, kisha wao wakajaribu kuilinganisha na ripoti nyingine. Nani ameona? Wapi? Lini? Nani mwingine anasema hivyo?

Maswali haya manne hayaji yenyewe, hata kwa wasomi. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta wapime tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamifu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa Stanford. Wanahistoria na wanafunzi wengi walidanganyika. Walibaki kwenye ukurasa uleule, wakisoma kwa makini, wakitazama nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki walitoka mapema. Walifungua kurasa nyingine na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti ile. Wengi wetu tumefundishwa kwamba msomaji mzuri husoma mpaka mwisho. Mtandaoni, msomaji mzuri hujua wakati wa kuondoka.

Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 unataja ujuzi wa kidijitali na uwazaji kina. Vizuri. Ila mwanafunzi anaweza kujua vitufe vyote vya tableti na bado akafowadi uongo kwa vikundi kumi kabla ya chai ya saa nne. Na darasa likiishia kusema "hiyo ni feki", nusu ya kazi imebaki.

Chukua ujumbe unaosema maji ya mtaa yametiwa sumu. Kwanza wanafunzi wautoke: nani mwingine ameripoti, ile picha ilitumika wapi kabla? Tuseme wanagundua ni uongo. Basi sasa utafiti ndio unaanza. Kwa nini mtaa mzima uliamini? Maji huja mara ngapi kwa wiki? Nani anauza mtungi, na kwa bei gani? Nani anapaswa kuyapima, na matokeo yako wapi? Hapo uongo umewafikisha kwenye jambo la kweli, jambo ambalo wanaweza kumwandikia mwakilishi wadi wakiwa na ushahidi mkononi.

Kwa somo la kwanza hata intaneti si lazima. Kituo cha zimamoto cha Nairobi kipo Tom Mboya Street, na Makavazi ya Kitaifa hayako mbali, pale kila mtu humwambia mwenzake "tukutane Archives". Ndani kuna nyaraka za serikali ile ile ya mkoloni. Mwalimu anaweza kutembeza darasa kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa miguu, halafu aulize: wazimamoto walisemwa nini, na karatasi zinasema nini?