Uzima wa Mche Uliohamishwa: Mnazi, Mkindu na Mgomba wa Karagwe

Watu wa pwani waliokwenda Karagwe kwa biashara ya pembe katika karne ya 19 walitoka katika nchi ya minazi wakaingia katika nchi ya migomba. Kafuro palikuwa kituo chao. Speke na Grant walipokewa na Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, naye Stanley akafika huko mwaka 1876. Wote waliikuta lugha ya Kiswahili imekwisha kuwatangulia. Mnazi haukuwatangulia, wala haukuwafuata, kwa kuwa nyanda hizo ziko juu sana na usiku wake una baridi isiyoufaa mti huo. Wa ukoo wa minazi na mitende aliyeuona mgeni katika mabonde ya Mto Kagera ni mkindu, ule ambao ukindu wake husukwa mikeka, na ambao Waganda nao huuita mukindu. Jina moja kwa mti mmoja, kutoka pwani hata Ziwa Viktoria, ni jambo ambalo mwanafunzi wa lugha za Kibantu hawezi kulipita bila ya kusimama.

Tofauti ya miti hii yafaa ielezwe mapema, maana hukumu juu ya uzima wake inategemea hiyo. Mnazi una ncha moja tu ya kukua, nayo imo kileleni, ndani ya kile kiini laini ambacho watu wa pwani hukiita kichilema. Kichilema kikioza, mnazi umekufa, hata kama makuti yake yangali mabichi kwa majuma kadhaa. Mkindu huota kwa kundi, shina moja likifa mengine hubaki. Mgomba, ingawa mgeni huufananisha na mnazi, si ndugu yake wa karibu. Kiitwacho shina lake ni makuti ya majani yaliyokunjamana, na shina lenyewe limo ardhini, ambako machipukizi hutokea.

Basi mtu aliyehamisha mnazi mchanga au mkindu atajuaje kwamba umeshika? Asiyezoea hutazama majani ya chini, na akiyaona yamegeuka manjano na kunyauka huhuzunika. Mara nyingi huzuni hiyo haina sababu. Mizizi imekatwa, maji ni machache, nao mti huyatumia yaliyomo katika majani yake ya zamani ili kulilisha jipya. La kutazamwa ni jani la katikati, lile lililosimama kama mkuki na bado halijafunuka. Mwenye subira hutia alama juu yake, usawa wa jani lililo jirani, kisha hurudi baada ya majuma machache: alama ikiwa imepanda, mti unaishi. Jani hilo likivutwa kidogo likang'oka, na chini yake pana uozo unaonuka, hapana tena tumaini. Na jani jipya likitoka limepauka huku ya zamani yakiwa mabichi, huenda mti umezikwa chini kupita kiasi.

Kanuni hiyo ya kuliamini jani la katikati ilifaa pia katika vibanja vya Karagwe. Kibanja, kwa maana yake ya huko, ni makao pamoja na shamba la migomba linaloyazunguka, tofauti na rweya, yaani mbuga iliyo wazi. Chipukizi lililotolewa kwa jirani au kwa wakwe lilinyauka siku za kwanza, likasimama tena, likafunua jani, na mwenye kibanja akaridhika. Hata adui wa zamani, yaani fukusi na minyoo ya mizizi, waliweza kushindwa kwa macho na kisu: tunguu lilimenywa mpaka likawa jeupe, na lililotobolewa likatupwa. Baadaye wataalamu waliongeza kulichovya katika maji yanayochemka kwa nusu dakika hivi.

Mwaka 2006 mambo yaligeuka. Ugonjwa wa migomba uletwao na bakteria, ambao ulikuwa umeelezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 katika mmea wa ensete, na ambao ulionekana Uganda mwaka 2001, ulithibitishwa katika wilaya ya Muleba. Kutoka hapo ulienea katika wilaya nyingine za Kagera, Karagwe ikiwamo, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa. Kyerwa ikawa wilaya mwaka 2012. Ndizi huiva kabla ya wakati, shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano, na visu visivyosafishwa huupeleka ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Baya zaidi ni kwamba chipukizi la shina lenye ugonjwa laweza kuonekana zima kabisa. Hupandwa, hufunua jani lake la katikati kama ipasavyo, kisha huanguka na kuambukiza wenzake.

Hapa lugha yenyewe imeshiriki katika kosa. Watu waliuita ugonjwa huo mnyauko, na wengine unyanjano. Majina yote mawili yametokana na yale ambayo jicho huyaona, nayo ni yale yale yanayouonekania mche wowote uliohamishwa, hata ulio salama. Mkulima aliyeambiwa ajihadhari na mnyauko aliweza kung'oa mche uliochoka kwa safari tu, na kuuacha ule uliokuwa na sumu ndani. Jina la utomvu lingalimwonya vizuri zaidi, lakini majina ya maradhi hayatungwi na kamati.

Katika Kiswahili cha mabwana shamba neno jingine limepata maana mpya kwa sababu hiyo hiyo. Mche safi hapo zamani ulikuwa ule usio na udongo wala tundu la fukusi. Sasa ni mche ambao shamba lake la asili lajulikana kuwa halina ugonjwa, au uliokuzwa maabara. Usafi umetoka katika umbo la mche ukahamia katika nasaba yake, na mwenye kibanja wa Kyerwa anayepewa chipukizi na mkwewe hulazimika kumwuliza limetoka shina gani, swali ambalo kwa adabu ya zamani halikuwa jepesi kuulizwa.