Peugeot 504 Ilivyochoka

Kwenye barabara ya Mombasa–Nairobi, hapo Samburu, Peugeot 504 ya kituo, ile ndefu, imebaki nadra. Watu huikumbuka 504 kwa Safari Rally, iliyoshinda mwaka 1975 na 1978. Sawa, lakini kazi nzito ilifanywa na hii ndefu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na gari la familia likageuzwa la biashara: abiria wakabanana, magunia na kuku juu ya keria.

Nyuma ilikuwa na springi nne za kuzunguka, mbili kila upande. Springi huchoka polepole. Gari linakaa chini, na likiingia shimoni tairi linapanda na kukwaruza madigadi. Unasikia harufu ya mpira kabla hujasikia kelele.

Fundi wa haraka huchomeka vipande vya tairi kuukuu katikati ya miviringo. Gari linainuka, kweli, ila miviringo iliyobaki inabeba mzigo wote na mwisho inakatika. Wengine hukata madigadi, na hao siwaelewi kabisa.

Anayefufua 504 leo ahakikishe kwanza saizi ya tairi, halafu apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, gari likiwa tupu. Springi hubadilishwa pande zote kwa pamoja. Na zile kuukuu asiziuze chuma chakavu haraka. Mizigo ya matatu haikuandikwa popote pengine.