Boma la Pangani

Boma la Pangani ni jengo kongwe la serikali katika mji wa Pangani, mkoani Tanga, kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Pangani, karibu na mahali mto unapoingia Bahari ya Hindi. Ndilo lililokuwa kitovu cha makao ya utawala yaliyopangwa upya na Wajerumani baada ya vita vya 1888–1889, kisha yakarithiwa na Waingereza mwaka 1916. Dar es Salaam na Tanga wakoloni walijijengea ofisi mpya. Pangani serikali iliingia katika jumba la tajiri na kulifanya lake.

Wenyeji husimulia kwamba jumba lilijengwa mwaka 1810 na mfanyabiashara wa Kiomani, ambaye jina lake hutajwa kuwa Mohamed Salim Breki. Mwaka huo uchukuliwe kwa tahadhari, maana Sayyid Said, mtawala wa Omani, hakuwa bado amehamishia makao yake Unguja, na utajiri mkubwa wa Pangani ulikuja baadaye, kwa pembe za ndovu zilizoteremshwa na misafara kutoka Kilimanjaro na Umasaini, kwa biashara ya watumwa, na kwa mashamba ya miwa kando ya mto. Masimulizi mengine ni mazito zaidi: kwamba watumwa walifukiwa wakiwa hai chini ya nguzo ili msingi ushike. Hata asiyeyasadiki hawezi kuyapuuza, kwa kuwa yanaonyesha jinsi watu wa mji walivyoielewa nyumba ile na mali iliyoisimamisha.

Kabla ya Wajerumani mji haukuwa na ofisi moja kuu. Liwali wa Sultani wa Zanzibar aliamua kesi, majumbe wa Kishirazi walikuwa na heshima na haki zao, ushuru ulikusanywa forodhani, na mambo ya watu wote yalizungumzwa msikitini na barazani. Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, alitaka mamlaka yote yawe mikononi mwake. Askari wa manowari waliteremshwa, msikiti ukaingiliwa siku za Idi ya kuchinja, bendera ya Sultani ikavunjiwa heshima. Mwezi uliofuata mji ulikuwa umewaka moto. Wajerumani walizingirwa nyumbani mwao hadi Lloyd Mathews, jemadari wa jeshi la Sultani, alipokuja kuwaokoa. Hermann von Wissmann aliuteka mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Bushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa upinzani, akanyongwa papo hapo Pangani.

Serikali ya Ujerumani ilipochukua pwani rasmi mwaka 1891, Pangani ikawa makao ya wilaya. Shughuli zilizokuwa zimetawanyika mjini zikavutwa mahali pamoja: kodi, mashauri, askari, kumbukumbu za ardhi. Jengo lenyewe liliwapa makarani taabu. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki nafasi kubwa kuliko urefu wake, kwa hiyo vyumba huwa virefu na vyembamba. Mlango wa nakshi uliokusudiwa kumpokea mgeni wa tajiri sasa ulipitisha mlipa kodi.

Katika vyumba hivyo lilifanyika jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya jengo. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliuacha uishe taratibu, wakitoa hati za uhuru kwa mtumwa aliyejikomboa kwa fedha, aliyeachwa huru na bwana wake, au aliyethibitisha mbele ya ofisa kwamba ametendewa ukatili. Mkuu wa wilaya ndiye aliyezitoa, na kuanzia 1906 watoto waliozaliwa na watumwa walihesabiwa huru. Katika wilaya iliyotegemea mikono ya watumwa kwa miwa na minazi, safari ya kwenda bomani ilikuwa na maana ambayo hakuna jedwali la kodi linaloweza kuieleza. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Lakini Pangani ilipata ofisi wakati uleule ilipokuwa inapoteza biashara. Fungu la mchanga mlangoni mwa mto lilizuia meli kubwa, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905 na kufunguliwa hadi Moshi 1912. Pembe na mazao yaliyokuwa yakishukia Pangani yakapanda garimoshi. Mkonge nao ulianzia hapa: mwaka 1893 miche 62 iliyonusurika safari kutoka Florida ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, kwa jitihada za Richard Hindorf. Faida yake kubwa, hata hivyo, ilikwenda Tanga kulikokuwa na bandari. Pangani ikabaki mji wa karani, hakimu na forodha. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa miongoni mwa makarani wa forodha waliofanya kazi hapo.

Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Hawakuwa na sababu ya kuhamisha makao, hivyo Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akakalia kiti cha mtangulizi wake wa Kijerumani, na baada ya Uhuru jengo likaendelea kutumika kwa kazi za wilaya. Adui yake mkubwa leo ni chumvi ya bahari na ukarabati wa saruji. Ukuta wa matumbawe hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani, plasta hubanduka na boriti huoza kuanzia zilipoingia ukutani. Dawa ni chokaa iliyochomwa na kuloweshwa vizuri, pamoja na fundi anayejua kuisubiri ikauke tabaka baada ya tabaka.