Kicha cha Sindano

Sindano za msonobari kwa kawaida hazitoki tawini moja moja. Hutoka mbili, tatu au tano pamoja, zimebanwa chini na ala nyembamba ya magamba. Kilatini cha wanabotania huliita fungu hilo furushi dogo. Kwa Kiswahili napendekeza tuliite kicha. Shada limezoea maua, kichala kimezoea matunda. Kicha, kama kile cha mchicha sokoni, ni vitu vyembamba vilivyoshikwa pamoja upande mmoja. Ila mwanafunzi aelezwe mapema kwamba kicha cha msonobari nacho ni tawi: kitawi kifupi kilichoacha kurefuka, ambacho kikizeeka huanguka kizima pamoja na sindano zake. Ndiyo sababu vicha hufika kwenye matope ya ziwa au mto na kugeuka visukuku, hata pale ambapo shina la mti halikusalia.

Idadi ya sindano ndiyo alama ya kwanza ya spishi. Aliyeko Mufindi, Tanzania, akiokota kicha chini ya Pinus patula, mti wenye asili ya Mexico, kwa kawaida atahesabu tatu. Mwambani kuhesabu hakutoshi, kwa kuwa sindano hukatika na kicha cha tano huweza kuonekana cha mbili. Hapo mtafiti huikata sindano moja kwa kukingama na kuiweka chini ya hadubini. Zikiwa katika kicha, sindano hukamilisha duara. Kwa hiyo ya kicha cha mbili ina umbo la nusu duara, na ya kicha cha tatu au tano ina umbo la kabari. Pembe ya kabari hiyo hutaja idadi ya sindano ambazo kicha kilikuwa nazo kikiwa kizima. Kwangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Mkato huohuo huonyesha mirija ya utomvu, na pia mishipa ya katikati: kundi moja la misonobari lina fungu moja la mishipa, jingine lina mawili.

Tawi linalobeba vicha nalo husomeka. Katika kundi la mafungu mawili ya mishipa, kitako cha gamba lililo chini ya kila kicha huteremka juu ya ganda, na tawi huparuza. Katika kundi la fungu moja, tawi huwa laini.

Mwaka 2016 mtaalamu wa visukuku Howard Falcon-Lang na wenzake walitangaza spishi ya kisukuku, Pinus mundayi, kutoka Nova Scotia, Kanada, yenye umri wa miaka milioni 133 hadi 140. Vitawi vyake, vyenye urefu wa milimita chache tu, viliungua katika moto wa msituni vikawa makaa, na makaa huhifadhi seli bila kuziponda. Mirija ya utomvu imebaki wazi.

Hata hivyo spishi iliyotajwa kwa vitawi pekee husimama kwa mguu mmoja. Mbao za kisukuku za msonobari huweza kupewa jina la Pinuxylon, baadhi ya koni Pityostrobus, na mti uleule huweza kubeba majina matatu hadi apatikane mtu wa kufukua tawi lenye vicha likiwa bado limeshikana na koni yake.