Wito, Utumishi na Umahiri: Misingi ya Mafunzo ya Uuguzi Mwanza na Suala la Lugha ya Mgonjwa

Mjamzito anayeishi Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, huhudumiwa na muuguzi aliyefunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali ushauri wote anaopewa huusikia kwa Kiswahili na pengine kwa Kisukuma. Hali hiyo imezoeleka kiasi kwamba huonekana kuwa ya kawaida. Insha hii inadai kwamba ni zao la maamuzi ya kihistoria kuhusu misingi ya mafunzo ya uuguzi, na kwamba katika miaka ya 1970 Tanzania ilijaribu njia nyingine ambayo haijapewa uzito unaostahili katika historia ya taaluma hii.

Kitenzi kuuguza chenyewe kina historia yake. Kabla ya kuwa jina la kazi ya mshahara, kilieleza wajibu wa ndugu: mtu humuuguza mama yake au mwanawe. Mkunga naye alikuwa mwanamke mzima mwenye heshima, aliyejifunza kwa kumfuata mkunga mwingine. Mafunzo ya kisasa hayakuingia mahali patupu. Yaliingia katika jamii iliyokwisha kuwa na wauguzaji na wakunga, na kila awamu ya mafunzo ililazimika kuamua iwatazameje.

Katika Kanda ya Ziwa, awamu ya kwanza ilikuwa ya misheni. Masista Weupe waliendesha huduma na mafunzo Sumve, wilayani Kwimba, na African Inland Mission ilikuwa na hospitali yake Kolandoto karibu na Shinyanga. Msingi ulioongoza vituo vya aina hiyo ni wito. Mwanafunzi aliishi bwenini, akasali, akafanya usafi na zamu za wodini chini ya uangalizi wa karibu. Kwa sehemu kubwa mtindo huo ulitokana na shule ambayo Florence Nightingale aliianzisha katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860: mwanafunzi hujifunza kwa kufanya kazi, na hospitali hupata wafanyakazi kwa kuwafunza. Hapo ndipo penye utata ambao haujaisha hadi leo. Je, mtu aliye wodini saa za usiku ni mwanafunzi au ni mtumishi? Lugha ya wito iliruhusu swali hilo lisiulizwe.

Serikali ya kikoloni iliongeza msingi wa usajili. Sheria ya mwaka 1952 ilileta Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililoundwa mwaka 1953, na tangu hapo ubora wa mafunzo ulipimwa kwa mtihani na orodha ya majina. Mgawanyo wa wauguzi wa daraja A na daraja B ulifuata kiwango cha elimu ya kuingilia, na kwa hiyo ulifuata pia uwezo wa kutumia Kiingereza. Tangu hapo lugha ikawa kipimo cha hadhi kabla ya kuwa chombo cha kazi.

Mwaka 1971 unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka huo Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mwanza, ilifunguliwa. Mwaka huohuo mkutano mkuu wa TANU uliamua kwamba huduma za afya, maji na elimu zielekezwe kwanza vijijini. Yaani jengo kubwa kuliko yote ya tiba katika kanda lilifunguliwa wakati sera ilipokuwa ikiyapa kisogo majengo makubwa. Serikali iliichukua Bugando mwaka 1972, na mwaka 1985 uendeshaji wake ukarejeshwa kwa Kanisa kwa makubaliano.

Mwelekeo huo wa vijijini ulizaa kada ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Wasichana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kwa miezi 18, kwa Kiswahili, kisha wakapelekwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Msingi ulioongoza hapa haukuwa wito wala orodha ya usajili. Ulikuwa utumishi karibu na nyumbani: anayefundishwa ajifunze kwa lugha ambayo ataitumia kumweleza mama kwa nini mtoto ahudhurie kliniki na dalili zipi za hatari zimfanye mjamzito asisubiri. Kufunza kwa Kiswahili hakukuwa kupunguza kiwango peke yake, kama inavyodhaniwa mara kwa mara. Kulimwondolea msaidizi kazi ya kutafsiri akiwa mbele ya mgonjwa, na kosa la tafsiri katika maelezo ya dawa si kosa dogo.

Hata hivyo, utetezi huu una mipaka yake. Kada hiyo haikuwa na ngazi ya wazi ya kupanda. Msaidizi aliyetaka kujiendeleza alikuta mlango wa masomo ya juu umefungwa kwa kukosa elimu ya sekondari, hivyo usawa uliotangazwa kwa mgonjwa haukumfikia mhudumu wake. Dosari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoidhoofisha hoja ya Kiswahili: lugha ilihusishwa na kada ya chini, na kada ilipobadilishwa, lugha ikaondoka nayo.

Awamu ya sasa inaongozwa na umahiri. Chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, mitaala ya cheti na stashahada ilipangwa kwa ngazi na kwa yale ambayo mhitimu anapaswa kuweza kuyatenda. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliimarisha masharti ya usajili na leseni. Haya ni maendeleo ya kweli, hasa kwa sababu yanamtambua mwanafunzi kuwa mwanafunzi na kumwekea ngazi ya kupanda kutoka cheti hadi shahada. Lakini kipimo cha umahiri wa mawasiliano kinapoandikwa na kujibiwa kwa Kiingereza, hakipimi mazungumzo yatakayofanyika kliniki. Kule Kiseke, mama atapewa kadi yenye maelezo ya Kiswahili, na muuguzi atalazimika kuyaeleza kwa maneno ambayo hakuna aliyemfundisha darasani.