Ishara za Kemikali na Uhamishaji wa Jeni baina ya Bakteria wa Mimea: Historia ya Ugunduzi na Maana Yake kwa Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina nafasi ya pekee katika historia ya mbegu nchini Tanzania. Kituo cha utafiti cha Ilonga ndicho kilichoipa jina mbegu ya mahindi ya ICW, na Gairo, iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwaka 2012, inajulikana kwa viazi vitamu vinavyouzwa kandokando ya barabara ya Morogoro hadi Dodoma. Mwaka 2015 watafiti wa Ubelgiji, Peru na nchi nyingine walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba viazi vitamu vinavyolimwa hubeba vipande vya jeni vilivyotoka kwa Agrobakteria. Sampuli zote 291 za viazi vya kulimwa zilizopimwa zilikuwa na kipande kimojawapo. Insha hii inafuatilia jinsi sayansi ilivyofikia kuuelewa uhamishaji huo, na inajadili maana yake katika mjadala wa mbegu nchini.

Historia yenyewe inaanza mwaka 1907, Smith na Townsend walipothibitisha nchini Marekani kwamba uvimbe unaoota kwenye mashina ya mimea husababishwa na bakteria. Mwaka 1969 Allen Kerr wa Australia aliweka pamoja, katika mmea wa mnyanya, bakteria wenye uwezo wa kuleta ugonjwa na wale wasio nao. Baada ya muda, wale wasiodhuru nao wakawa na uwezo wa kudhuru. Kilichohamishwa kilibainika mwaka 1974, kundi la Schell na Van Montagu mjini Ghent lilipoonesha kwamba uwezo huo hukaa katika plasmidi kubwa, yaani duara la DNA lililo nje ya kromosomu. Mwaka 1977 Chilton, Nester na wenzao walithibitisha kwamba sehemu ya plasmidi hiyo huingia katika seli ya mmea.

Hapa ni lazima kutofautisha uhamishaji wa aina mbili. Wa kwanza hutoka kwa bakteria kwenda kwenye mmea, na huamshwa na kemikali zinazotolewa na jeraha la mmea, kama ilivyooneshwa mwaka 1985. Wa pili hutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, nao hutegemea ishara mbili. Ishara ya kwanza ni opini, chakula ambacho seli za uvimbe hulazimishwa na jeni za bakteria kukitengeneza. Mwaka 1977 Kerr na wenzake walionesha kwamba opini huchochea plasmidi kuhama. Ishara ya pili ilitambuliwa mwaka 1993 na makundi mawili, moja la Australia na jingine la Marekani. Ni molekuli ndogo ya jamii ya homoserini laktoni, ambayo bakteria wenyewe huitoa.

Utaratibu wake ni huu: opini huruhusu kutengenezwa kwa protini iitwayo TraR, lakini protini hiyo haifanyi kazi mpaka ishamiri molekuli ya pili. Bakteria wakiwa wachache, molekuli hiyo husambaa na kupotea; wakiwa wengi, huongezeka, hujiunga na TraR, na jeni za kuhamisha plasmidi huanza kazi. Ni mfano wa kikao kisichopitisha uamuzi kabla akidi haijatimia. Kwa hiyo jeni hazihami ovyo. Huhama palipo na chakula cha kuzitunza na wenzi wa kuzipokea.

Maarifa haya yana uzito katika Tanzania. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 zilirekebishwa mwaka 2015, na mwaka 2016 jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba lilianza Makutupora, Dodoma, mkoa unaopakana na Kilosa. Jeni ya mahindi hayo iliingizwa kwa kutumia Agrobakteria. Januari 2021 Wizara ya Kilimo ilisitisha utafiti huo.

Kiazi kitamu kinaonesha kwamba hoja ya jeni ngeni pekee haitoshi kuikataa mbegu, kwani uhamishaji huo ulitokea bila maabara. Lakini hakitoshi pia kuihalalisha mbegu ya kiwandani. Kiazi cha Gairo hupandwa kwa marando ambayo jirani humpa jirani, ilhali umiliki, bei na uhuru wa kuhifadhi mbegu mpya ni maswali ambayo biolojia haiyajibu.

Kwa wakulima wa Mikumi, mpaka kati ya shamba na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 huonekana ardhini kwa alama. Mpaka kati ya jeni ya asili na jeni iliyohamishwa hauna alama kama hiyo. Sera ya mbegu itakuwa ya haki zaidi ikiacha kuutafuta mpaka huo, na badala yake ikauliza nani ataitawala mbegu na nani atabeba hasara ikishindwa.