Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tuupime msemo huo hospitalini, katika mji wa Karatu, ambao watalii wengi waendao Ngorongoro hupitia.

Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12 tu waliosomea kazi hiyo. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifuata mwaka 1971. Hata hivyo, aliyeugua katika vijiji vya Karatu au malisho ya Ngorongoro alibaki mbali na daktari bingwa.

Mwaka 2002 Frank Artress, daktari Mmarekani wa usingizi, aliponea chupuchupu alipokuwa akipanda Mlima Kilimanjaro. Baadaye yeye na mkewe, Susan Gustafson, walihamia nchini. Kliniki yao, FAME, ilifunguliwa Karatu mwaka 2008, na hospitali ya kulaza wagonjwa mwaka 2012. Kisha madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakawa wakija kwa vipindi, wakitibu bega kwa bega na matabibu wenyeji.

Hapo ndipo penye fundisho. Chukua mathalani kifafa. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, imetumika tangu mwaka 1912. Lakini mgonjwa hana budi kuimeza kila siku, pengine kwa miaka mingi. Akiiacha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, na mtoto aweza kuangukia motoni. Mgeni hukaa wiki chache, kisha hupanda ndege. Atakayeongeza au kupunguza dozi, na kumweleza mama kwa Kiiraqw au Kimaasai kwamba mwanawe hakurogwa, ni tabibu anayebaki.

Kwa hiyo ushirikiano wa vyuo vikuu usipimwe kwa idadi ya wagonjwa aliowaona mgeni. Upimwe kwa ujuzi aliouacha, na kwa dawa kupatikana baada ya yeye kuondoka. Naye hujifunza kwetu: kuchunguza mgonjwa kwa mikono, macho na masikio pale ambapo mashine ni chache.

Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa hospitalini, ndugu msikilizaji, ni kufundisha.